Uso Mweusi Mbele ya Ukuta Mweupe

Kuna ugomvi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi mno barazani, na sasa umeanza kuingia hata katika maandishi ya watu wazima. Upande mmoja wamekaa wale wasemao kwamba kamera ya filamu ilikuwa na roho, na kwamba tangu dunia ilipohamia dijitali, picha zimekuwa maiti zilizopakwa rangi. Upande wa pili wamekaa vijana wenye simu za mkononi, nao hujibu kuwa filamu ni mzoga, kwamba kamera ya leo inaona kizani na juani kwa pamoja, na kwamba mwenye kung'ang'ania filamu ni sawa na mwenye kuwasha chemli ilhali umeme upo. Kila upande hushangilia hoja yake kama mashabiki wa mpira. Mimi naandika kuzikataa pande zote mbili, kwani zote zimesahau kuuliza swali moja tu lililo na maana kwetu sisi watu wa pwani: katika mwanga huo wote unaogombaniwa, uso wa nani unaonekana?

Najua nitaulizwa, wewe mtunga mashairi, mambo ya kamera yakuhusu nini? Nitajibu bila ya haya. Sikusomea upigaji picha, kama vile sikusomea ushairi wala tafsiri. Vyote nilivipata kwa kuvitafuta, kwa kamusi iliyochanika na kwa kuwasumbua waliojua. Lakini nimezaliwa Kilwa Kivinje, nimekulia baina ya kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, na maisha yangu yote nimeziona picha za watu wetu zikitoka kwa fundi huku ukuta umependeza na mtu amekuwa doa. Aliyeumwa na nyoka hahitaji shahada ili auogope ung'ongo.

Tuanze na jambo lenyewe, maana wengi wanaligombania bila ya kulijua. Wapigapicha wana kipimo ambacho hapa nitakiita masafa ya nuru. Ni umbali uliopo baina ya kiza cha mwisho ambacho kamera inaweza kukitambua kuwa kina kitu ndani yake, na mwangaza wa mwisho kabla ya kila kitu kugeuka kuwa weupe mtupu. Umbali huo hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga uliozidishwa mara mbili. Stopu 2 ni mara nne, stopu 3 ni mara nane, na ukifika stopu 12 umeshafika mara 4,096.

Mwenye kutaka kuyaona masafa hayo kwa macho yake asiende maabara. Avuke mkondo kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, aingie Msikiti Mkuu saa sita za mchana. Sehemu ya kaskazini ya msikiti ule ilijengwa tangu karne ya 11, na ile ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Paa limeanguka mahali na limebaki mahali. Basi jua la saa sita hupenya palipoanguka na kuuchoma ukuta hata macho yakauma, na hatua tatu tu pembeni, chini ya kuba iliyobaki, kuna kiza cha kisimani. Niliwahi kusimama pale na kipima-nuru cha kuazima: baina ya ukuta wenye jua na pembe ya ndani kabisa nilihesabu stopu 12. Jicho la mwanadamu huzunguka mle bila ya taabu, kwa sababu jicho halitazami mara moja. Hutazama hapa, likajipima, likatazama kule, likajipima tena. Kamera haina fursa hiyo. Kamera hufumba na kufumbua mara moja, na katika mara ile moja lazima iamue nini kiishi na nini kife.

Hapo ndipo filamu na dijitali zinapoachana njia, na tofauti hii ni ya maumbile, si ya mapenzi. Filamu ina chembe za chumvi za fedha ndani ya utando wa jelatini. Mwanga ukizidi, chembe zilizobaki kupokea huzidi kupungua, na kwa hiyo filamu hushiba polepole. Jambo hili walilipima Ferdinand Hurter na Vero Driffield huko Uingereza na kulitangaza mwaka 1890, kwa mchoro wa mstari uliopinda chini na ukapinda tena juu, kama herufi ya S iliyolala. Katika mpindo ule wa juu ndimo weupe wa ukuta unamobanwa bila ya kuvunjika. Kihisi cha dijitali ni mambo mengine. Kila kijishimo chake hukusanya mwanga kama ndoo inavyokusanya mvua: tone kwa tone, kwa hesabu iliyonyooka, na ndoo ikijaa, imejaa. Baada ya hapo hakuna ukuta, hakuna wingu, hakuna kanzu. Kuna weupe usiokuwa na habari, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Wapenzi wa mashairi watanielewa nikisema kwamba hasi ya filamu hufanya kama malenga mzoefu: mizani ikimzidia hulibana neno, akasema "tulokuja" badala ya "tuliokuja", na mstari ukasimama na maana ikabaki. Kamera ya dijitali humkata mshairi ulimi kwenye mizani ya kumi na sita, hata kama neno halijesha. Na upande wa kiza mambo hugeuka. Filamu iliyonyimwa mwanga hubaki tupu kabisa, ilhali kihisi kizuri cha leo hukamata kizani vitu ambavyo filamu haikuvijua. Ndiyo maana mafundi wa hasi waliwausia wanafunzi wao wakichungulie kivuli kwanza, na mafundi wa dijitali huwausia wao wauchunge mwangaza. Kila chombo kina adabu yake.

Sasa niwageukie wapenzi wa filamu, wale wa roho. Filamu gani hiyo mnayoisifu? Negativu ya rangi, ni kweli, huchukua stopu 12 na pengine zaidi. Lakini slaidi za rangi, zile zilizopamba vitabu vyote vizuri vya watalii kuhusu pwani yetu katika karne iliyopita, zilikuwa na stopu 5 hadi 7 tu. Chukueni kitabu chochote cha aina hiyo mkitazame upya. Bahari ni ya samawati, jahazi ni tamu, ukuta una kila ufa, na mvuvi hana macho.

Wala msiniambie kuwa hiyo ilikuwa ni bahati mbaya. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia filamu za rangi zilipelekewa kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Waliiita Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Na ngozi ya mwingine yeyote ikitoka kama makaa, basi ni ngozi yake ndiyo yenye kosa. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeandika juu ya kadi hizo mwaka 2009, anaeleza kwamba Kodak waliposukumwa kuirekebisha filamu yao iyaone vizuri mambo ya rangi ya kahawia, waliosikilizwa zaidi ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kuwa mbao zao na peremende zao hazitofautiani pichani. Ndugu zangu, msisome upesi mkapita. Mti wa meza ulipata haki yake kabla ya uso wa bibi yangu. Na inasimuliwa kwamba Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Kifaransa, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, ng'ambo tu ya Ruvuma yetu, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa hoja hiyohiyo. Hiyo ndiyo roho ya filamu mnayoililia.

Turudi nyuma zaidi, na tubaki Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mamia ya watu wa nchi ile walichimba, wakafungasha, wakabeba vichwani hadi bandarini mizigo iliyofika zaidi ya tani 200, na tangu mwaka 1937 kiunzi kimoja kimesimama katika jumba la makumbusho la Berlin. Picha zipo. Sahani za vioo za zama hizo aghalabu zilikuwa pofu kwa rangi nyekundu, na ngozi yetu nuru yake nyingi imo katika wekundu na uhudhurungi. Basi katika picha hizo mfupa, kwa kuwa ni mweupe, unaonyesha kila mshipa wake. Aliyeushika mfupa ni kivuli chenye kilemba. Mmoja wao, Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, jina lake limehifadhika. Wengine wengi hawana jina wala sura. Mfupa wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita umetambulika zaidi ya mtu aliyeuchimba.

Vijana wa simu za mkononi wasicheke bado, zamu yao imefika. Ni kweli kwamba hesabu zimegeuka. Kamera za dijitali za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa mbele ya jua letu kama mwanafunzi mbele ya mtihani asiousomea. Leo kamera nzuri yenye kihisi kikubwa hupimwa ikapewa hadi stopu 14, na filamu nyingi imeshaachwa nyuma. Hilo silibishi, na mwenye kulibisha anabishana na mizani. Ninachobisha ni kudhani kwamba kuwa na masafa mapana ni sawa na kuyatumia kwa haki.

Tazameni simu inavyofanya. Tangu iPhone ilipopewa uwezo huo mwaka 2010, na simu nyingine zikafuata, picha moja mnayoiona si picha moja. Simu hupiga kadhaa kwa mkupuo, nyingine zenye mwanga mwingi na nyingine zenye mwanga kidogo, kisha programu yake huzichanganya na kuamua, bila ya kuwauliza, kiza kipandishwe wapi na mwangaza ushushwe wapi. Masafa yote ya Msikiti Mkuu, stopu 12, husukumwa yaingie kwenye kioo kidogo kwa nguvu. Matokeo yake mmeyaona: kuba imeng'aa, pembe imeng'aa, mbingu imeng'aa, na msikiti wa karne tisa umefanana na duka la simu. Hakuna saa, kwani saa huonyeshwa na kivuli. Hakuna kina. Aliyejenga matao yale alikusudia mtu atoke juani aingie kivulini kabla ya kusimama mbele ya Mola wake; simu imeifuta safari hiyo kwa sekunde moja, na sisi tunaipigia makofi kuwa inaona kila kitu.

Na uso je? Programu zilizofundishwa kwa nyuso za weupe ziliendelea na kosa la Shirley kwa njia mpya: zikaupaka uso mweusi majivu ili ufanane na wastani wao, zikalainisha mikunjo, zikachuja uhudhurungi. Kosa hilo lilikuwa la hakika hata kampuni ya Google, ilipotoa simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021, iliona ni jambo la kujitangazia kwamba sasa kamera yake imerekebishwa ili ionyeshe ngozi nyeusi kama ilivyo. Nashukuru kwa marekebisho hayo. Lakini atangazaye mwaka 2021 kwamba amejifunza kuuona uso wangu, amekiri kwamba hadi mwaka 2020 alikuwa hauoni.

Niruhusuni sasa nitoe ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1976 alipita Kivinje mpigapicha wa kutembea, akampiga mama yangu mbele ya ukuta wa jirani uliotoka kupakwa chokaa. Picha ya karatasi ilipokuja, ilikuwa nyeusi na nyeupe, na ukuta ulipendeza kweli; hata alama za brashi ya makumbi zilihesabika. Mama alikuwa kanga na kivuli. Sisi watoto tulikua tukiambiana kwamba siku ile alinuna. Jambo la pili tulilobishania lilikuwa kipini cha puani. Mama alituambia alikuwa nacho, cha dhahabu, na kwamba alikiuza mwaka mmoja wa shida ili mimi nipate sare na madaftari. Dada yangu alikumbuka; mimi sikukumbuka, na nakiri nilidhani ni hadithi ya mama ya kunihimiza nisome.

Mama alifariki. Katika bati lake la biskuti tulikuta bahasha ya yule mpigapicha, na ndani yake, pamoja na picha, kipande cha negativu. Mpwa wangu, ambaye ni kijana wa dijitali wa kweli, alikiweka juu ya kioo chenye taa nyeupe chini yake, akakipiga kwa kamera yake. Kisha akakigeuza kwenye kompyuta, akaupandisha upande wa kivuli kidogo kidogo. Uso ulitoka. Mama hakununa, alikuwa anajizuia kucheka, macho yametazama chini kushoto, palipo na mkono wa mtoto ulioshika kanga. Mkono ule ni wangu. Na kipini kilikuwepo.

Hapana muujiza hapa, na wala sitaki mtu aseme ni roho ya filamu. Negativu huyabana masafa ya dunia. Stopu 12 za jua letu hukaa ndani yake kwa upana unaozidi nusu kidogo tu, na kwa hiyo hukaa bila ya kumwagika. Karatasi ya picha ni nyembamba zaidi, kama stopu 6 au 7 baina ya weusi na weupe wake. Basi msafishaji, akiwa katika chumba chake cha giza, alilazimika kuchagua: aipe karatasi mwanga wa kutosha alama za chokaa zionekane, na uso uungue, au auokoe uso, na ukuta uwe mweupe mtupu. Aliuhurumia ukuta. Kwa miaka zaidi ya arubaini uso wa mama ulikuwepo, mzima, ndani ya bati la biskuti, ukingojea mtu wa kuuhurumia wenyewe. Na aliyeutoa ni kihisi cha dijitali. Filamu ilihifadhi, dijitali ikasoma. Sasa niambieni, nyinyi mlioko pande mbili za baraza, mnagombania nini?

Sisi wafasiri twalijua jambo hili. Matini ya asili ni pana kuliko lugha inayoipokea, na kila tafsiri ni uamuzi wa nini kiungue. Tafsiri mbaya husameheka, maadamu asili ipo. Atakuja mwingine ataifasiri upya. Msiba ni pale mtu anapoichoma asili kwa kuwa tafsiri ameshaipata.

Na msiba huo unatendeka. Studio moja ya Lindi, ambayo sitaitaja, ilipofungwa baada ya mwenyewe kufariki, masanduku ya negativu yalitolewa uani yakatiwa moto, kwa sababu chumba kilitakiwa kwa biashara nyingine. Harusi za miaka thelathini, watoto wa madrasa, makuli wa bandari, wote walikwenda kwa alasiri moja. Nilifika jivu limeshapoa. Aliyechoma hakuwa mtu mbaya. Aliamini kuwa picha ni ile ya karatasi, na negativu ni ganda. Sisi tuliokuwa tukibishana barazani ipi bora hatukuwahi kumwambia vingine.

Kwa hiyo dai langu ni hili. Mwenye negativu ndani ya nyumba asizitupe. Chumvi ya bahari na unyevu wa kusi huzilea ukungu, na ukungu huila jelatini. Na zile zilizoanza kutoa harufu ya siki zimeshaanza kuoza zenyewe. Ziwekwe pakavu, ndani ya karatasi na si nailoni, na ziskaniwe sasa, kwa kamera ya mpwa yeyote mwenye subira. Hapa Unguja tunayo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliyotuonyesha kwamba kisiwa kinaweza kujitunzia sura yake. Kilwa na Lindi zinastahili vivyo hivyo.

Na anayepiga leo, kwa chombo chochote, apime uso kwanza. Ukuta ukiungua, na uungue. Akiwa na kamera yenye uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, ahifadhi faili hilo, kwani ndilo negativu ya zama zetu. Lile linalotoka tayari kwenye simu ni karatasi tu, na hukumu imeshakatwa humo. Hata magofu yanahitaji hivyo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, na mjuzi wa kesho atakayetaka kujua ufa wa kuba ulianza lini atautafuta ndani ya kivuli. Picha iliyofuta kivuli itakuwa shahidi aliyehongwa.

Sina uadui na mashine. Nina ugomvi na watu wanaoipa mashine kazi ya kuamua nani aonekane, kisha wakaiita kazi hiyo maendeleo, au wakaiita roho. Nimalizie kwa lugha ninayoijua zaidi:

Nuru isiyo kivuli, ni nuru ya kupofua,
Na giza lililo kali, nyuso zetu huchukua,
Mpigaji tafadhali, upime uso kwa jua,
Ukuta utahimili, uso ndio wapungua.